Mstari hukatika wapi kwenye kivinjari

Juzi nilisoma ukurasa kwenye simu, "uk." imebaki mwisho wa mstari na "45" imeshukia mstari wa chini. Jicho lilikwama. Mwandishi aliweka nafasi ya kawaida kati yake, na kwa kivinjari nafasi ya kawaida ni ruhusa ya kukata. Hakijui kwamba namba ile ni ya ukurasa. Hapo huwekwa nafasi isiyokatika, yenye namba U+00A0 katika Unicode (kiwango cha kimataifa cha herufi za kompyuta), ambayo kwenye HTML, lugha ya kuandikia kurasa za tovuti, huandikwa `&nbsp;`.

Unicode imepanga kila herufi katika kundi lake la ukataji, kwenye kiambatisho chake namba 14. Mabano ya kufunga hayaanzi mstari, ya kufungua hayabaki mwisho wake. Ritifaa (') imo pamoja na alama za kunukuu, zisizoruhusu mkato upande wowote, ndiyo maana "ng'ombe" hubaki mzima. Kijapani hukatika karibu popote kati ya herufi mbili, ila nukta haianzi mstari. Kithai hakiachi nafasi kati ya maneno, hivyo kivinjari hutegemea kamusi.

Sisi kinachotusumbua ni maneno marefu. "Wanaotushughulikia" kwenye safu nyembamba hutokeza nje ya kisanduku, na wengi hukimbilia amri ya CSS (lugha ya kupanga mwonekano wa ukurasa) `word-break: break-all`. Naomba muiache. Hukata hata neno ambalo lingeshuka zima: "kwa" huwa "k" juu na "wa" chini. Tumia `overflow-wrap: anywhere`, inayokata neno pale tu lisipoenea kwenye mstari wake lenyewe. `break-word` ya sifa hiyohiyo hukata vilevile, lakini mikato yake haihesabiwi kivinjari kinapopima upana mdogo kabisa wa kisanduku. Kwa hiyo ndani ya flex (mpangilio wa CSS wa kupanga visanduku kwa safu) kisanduku hukataa kusinyaa, na watu hutafuta kosa mahali pengine siku nzima.

Bora zaidi, chagua mwenyewe pa kukatia kwa kutia alama fiche ndani ya neno. `wanaotu&shy;shughulikia` huonyesha kistari neno likikatwa hapo tu; mimi hukata pale mzizi unapoanzia, msomaji asipoteze maana. Kwa anwani za tovuti weka `<wbr>` baada ya mkwaju, kwani huruhusu mkato lakini haiongezi kistari ambacho mtu angekichapa akidhani ni sehemu ya anwani. Tena `&shy;` hunakiliwa pamoja na maandishi bila kuonekana, kwa hiyo usiitie kamwe kwenye baruapepe wala msimbo ambao mtu atanakili.