Usizibe Vali Inayodondosha: Utunzaji na Matengenezo Salama ya Hita ya Maji

Lalamiko la kawaida kuhusu hita ya maji yenye tangi ni kwamba vali ndogo ya usalama iliyo kwenye bomba lake inadondosha matone. Sakafu inalowa, mwenye nyumba anakereka, kisha anatokea mtu wa kumshauri aizibe kwa plagi. Tafadhali usikubali. Vali hiyo ndiyo inayolinda tangi lisipasuke.

Maji yakipashwa moto huongezeka ujazo. Tangi la lita 100 likipanda kutoka nyuzi joto 10 hadi 60 za Selsiasi, hupatikana ziada ya zaidi ya lita moja na nusu. Kama bomba la maji baridi lina kizuizi cha maji kurudi nyuma, ziada hiyo haina pa kutokea isipokuwa kwenye vali ya usalama. Kwa hiyo matone wakati hita inawaka si ubovu. Ikidondosha mchana kutwa hata maji yakiwa yamepoa, hapo kuna tatizo: ama presha ya maji yanayoingia ni kubwa mno, ama vali ina uchafu au imechakaa. Dawa yake ni vali mpya au kipunguza presha.

Hatari kubwa hutokea pale themostati, kifaa cha kukata umeme maji yakifika joto lililowekwa, inaposhindwa kufanya kazi yake. Elementi, yaani chuma cha ndani kinachopasha maji kwa umeme, huendelea kupasha, na kwa kuwa maji yamo ndani ya presha, yanaweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka. Tangi likipasuka wakati huo, presha hushuka ghafla na sehemu ya maji hugeuka mvuke papo hapo, na mvuke huchukua nafasi takriban mara 1,600 ya maji yaliyouzaa. Mlipuko wa namna hiyo hubomoa kuta. Ndiyo maana nasisitiza: mara mbili kwa mwaka nyanyua kishikio cha vali kwa sekunde chache, ukisimama pembeni maana maji yatakayotoka ni ya moto. Yatoke kwa nguvu, na yakome ukiachia. Yasipotoka, vali imeganda kwa chokaa. Zima hita na ubadilishiwe vali kabla ya kuiwasha tena. Bomba la kutolea maji hayo lielekee chini, mwisho wake uwe wazi, wala lisifungwe koki.

Hita nyingi zina pia kitufe kidogo, mara nyingi chekundu, kinachoruka na kukata umeme joto likizidi kiasi. Kibonyeze mara moja tu, baada ya kuzima umeme na maji kupoa. Kikiruka tena, mwite fundi.

Sasa, kuhusu kufungua kifuniko cha hita. Kuzima swichi ya ukutani hakutoshi. Nimeona mahali ambapo swichi imekata waya wa nyutro (unaorudisha umeme) badala ya laivu (unaouleta). Hita inaonekana imezimika, lakini elementi bado ina umeme. Zima sakiti breka ya hita, ile swichi yake kwenye kisanduku kikuu cha umeme, waambie waliomo nyumbani, na weka alama ili asije mtu akaiwasha. Kisha pima. Fundi makini huanza kwa kujaribu kipimo chake mahali anapojua pana umeme, halafu hupima laivu kwa nyutro, laivu kwa ardhi, na nyutro kwa ardhi, kisha hurudi kukijaribu tena pale alipoanzia. Kipimo kilichokufa huonyesha sifuri sawasawa na waya usio na umeme. Bisibisi yenye taa peke yake isiaminiwe. Kama huna ujuzi huu, kazi ya nyaya si yako. Mwachie fundi umeme mwenye leseni.

Elementi ya kilowati 3 kwenye volti 230 huwa na ukinzani wa takriban omu 17 hadi 18. Kipimo kikionyesha kama waya uliokatika, elementi imeungua. Kukiwa na njia ya umeme kati ya elementi na ganda lake la chuma, umeme unavuja kwenye maji. Mara nyingi dalili ya kwanza ni kile kifaa cha kukata umeme unaovuja, ambacho mafundi hukiita RCD, kujizima kila hita inapowashwa. Kukikwepa au kukiondoa ili maji yapate moto ni kuhatarisha uhai wa kila anayeoga. Waya wa ardhi nao usikose.

Baada ya matengenezo, jaza kwanza. Fungua bomba la maji ya moto mpaka yatiririke mfululizo bila kutema hewa, ndipo uwashe umeme. Elementi ikiwaka kwenye tangi tupu huungua mara moja.

Ukisikia hita ikipasuka-pasuka ndani inapopasha, ni chokaa iliyotuama chini. Isafishwe, na hapo hapo fundi aangalie ufito wa magnesiamu unaoliwa na kutu kwa niaba ya tangi. Ukibaki waya mtupu, ubadilishwe.

Joto la kuhifadhia maji liwe nyuzi 60. Kati ya nyuzi 20 na 45 bakteria wa Legionella, wanaosababisha homa kali ya mapafu, huzaliana vizuri. Lakini maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi vibaya kwa sekunde chache, hivyo penye watoto au wazee ifungwe vali ya kuchanganya maji ya moto na baridi, na beseni lianze kutiwa maji baridi.

Tangi lenyewe likianza kuvuja kwenye mwili wake, usilipeleke kuchomelewa: moto wa kuchomelea huharibu tabaka la enameli lililo ndani, na kutu huendelea. Nunua hita nyingine, na ifungiwe vali mpya ya usalama, siyo ile ya zamani.