Testa kuwaka si kupima: dhana potofu kuhusu hitilafu za umeme nyumbani, Goma

"Testa imewaka, basi umeme uko sawa."

Kitaa cha bisibisi ya testa huwashwa na mkondo usiofika hata miliampia moja. Kinakuambia fazi (waya unaoleta umeme) imefika, basi. Nyutro (waya wa kurudishia umeme) inaweza kuwa imekatika na testa ikawaka vizuri kabisa. Volti zinaweza kuwa 140 na ikawaka vilevile. Chukua multimeta, iweke kwenye volti za AC, upime kati ya fazi na nyutro huku mzigo mzito ukiwa kwenye laini ileile. Birika la umeme la wati 2,000 linatosha. Ukisoma 220 birika likiwa limezimwa na 203 likiwaka, njiani kuna ukinzani wa omu 2 usiotakiwa, na mara nyingi ni kiungo kimoja kilicholegea. Hicho kiungo kinatoa joto la wati 140 hivi, pengine juu ya dari ya mbao. Ndiyo maana prizi (soketi) inakuwa ya kahawia na kunuka kabla kifaa chochote hakijazimika. Zima disjonkteri (swichi inayojikata mkondo ukizidi), kata ncha iliyoungua, menya waya upya, kaza kwa domino (kiunganishi cha skrubu). Waya uliosokotwa kwa vidole na kuzungushiwa utepe hauhesabiki kuwa kiungo.

"Frigo inanguruma, inalia 'ka!', inanyamaza: gesi imekwisha."

Gesi ikiisha, kompresa huzunguka kutwa nzima bila kupoza. Inayonguruma sekunde chache kisha ikakata ni mota iliyoshindwa kuanza, na kinachoikata ni kinga ya joto iliyo ubavuni mwake. Pima volti sekunde ileile inapojaribu kuanza. Zikishuka chini ya 187 hivi, usiilaumu frigo.

Volti zikiwa nzuri, chomoa plagi, vuta kidude cheusi cha kuanzishia kilichochomekwa kwenye pini tatu za kompresa, ukitikise. Kikilia kama kopo lenye kokoto, kisahani cha ndani kimevunjika. Badilisha hicho tu. Kisha pima omu kati ya pini, mbili mbili. Kipimo kikubwa kilingane na jumla ya vile viwili vidogo: 12 na 20, basi 32. Kati ya pini yoyote na bomba la shaba pasiwe na usomaji wowote. Hesabu ikikubali, nyaya za mota ni nzima, na fundi anayeng'ang'ania kubadilisha kompresa akuonyeshe kipimo chake.

Umeme ukikatika na kurudi, subiri dakika 5 kabla ya kuiwasha. Shinikizo la gesi lazima lisawazike kwanza.

"Stabilizeta inaongeza nguvu."

Inapandisha volti kwa kuvuta ampea zaidi kutoka laini. Kama tatizo ni kiungo kibovu, itakichoma haraka zaidi.

"Waya wa ardhi na nyutro ni kitu kimoja, viunganishe ndani ya prizi."

Hili ndilo la hatari kuliko yote, na hapa Goma kosa hili lina mvuto wake: nyumba nyingi zimekaa juu ya lava, fimbo ya ardhi (ya kupeleka umeme uliovuja udongoni) haiingii, hivyo fundi anatafuta njia ya mkato. Nyutro ikikatika nje ya nyumba, mwili wa frigo na wa mashine ya kufulia unapata volti 220 zote.

Mwamba wa lava haupitishi umeme vizuri. Tuseme umepata ardhi yenye ukinzani wa omu 100. Fazi ikigusa bati la kifaa, mkondo utakaopita ni ampea 2.2, na disjonkteri ya kawaida ya ampea 16 haitashtuka kamwe. Dawa ni diferansieli (swichi inayokata umeme ukivuja) ya miliampia 30: inakata hata ardhi ikiwa ya omu 1,000. Bonyeza kitufe chake cha majaribio kila mwezi. Kwa anayejenga sasa, laza waya mtupu wa shaba chini ya msingi, kuzunguka nyumba yote, kabla ya kumwaga zege. Baadaye utalazimika kupasua mwamba.

"Gurupu inatoa volti ndogo, ongeza mwendo wa injini."

Gurupu (jenereta) ndogo za petroli nyingi hutoa hezi 50 zikizunguka mara 3,000 kwa dakika. Ukikaza skrubu ya mwendo, volti zinapanda, lakini hezi nazo zinapanda, na mota pamoja na transfoma zinaumia. Kwenye gurupu zisizo na brashi, mshukiwa wa kwanza ni kapasita (kidude kinachohifadhi chaji ya umeme). Zima injini, toa chaji ya kapasita kwa resista (kipande cha kukinza umeme), pima mikrofaradi. Ikiwa pungufu kwa zaidi ya asilimia 10 ya ilichoandikwa, weka nyingine yenye namba ileile na volti zisizopungua.

Na ule waya wenye plagi dume pande mbili, wa kuingiza umeme wa gurupu kupitia prizi, ukatwe leo. Ncha yake ya pili ina volti 220 wazi mkononi, na disjonkteri kuu ikisahauliwa, umeme unatoka hadi kwenye nguzo anakofanya kazi fundi wa laini. Swichi ya kubadilisha njia, yenye nafasi ya sifuri katikati, ndiyo inayofungwa hapo.