Nairobi ilipofunguliwa Julai 2020: maswali kabla ya kupanda gari kwenda nyumbani

Saa kumi alfajiri ya Jumanne, Julai 7, 2020, marufuku ya kuingia na kutoka Nairobi, iliyoanza Aprili 6 ili kuzuia korona, iliondolewa. Mombasa na Mandera nazo zilifunguliwa. Kafyu ya saa tatu usiku hadi saa kumi alfajiri iliendelea. Maswali na majibu haya ni ya siku hizo.

Kufunguliwa huku kulikuwa na maana kwamba korona imepungua?

La. Maambukizi yalikuwa bado yanapanda. Maeneo haya yalifunguliwa kwa sababu watu walikuwa wameumia: vibarua vilikuwa vimekwisha, kodi ya nyumba ilikuwa inadaiwa, biashara zilikuwa zimelala. Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, mwenyewe alisema hali itaangaliwa kwa siku 21, na ikizorota, vizuizi vitarudi.

Sijawaona wazazi wangu tangu Machi. Niende?

Hili ndilo swali zito kuliko yote, na jibu langu litawaudhi wengine: kama hakuna msiba, ugonjwa au jambo lisiloweza kungoja, subiri kidogo. Upweke wa wazee si jambo dogo, lakini virusi hivi huwaua wazee kuliko vijana, hasa wenye presha au kisukari, na vijijini kitanda cha wagonjwa mahututi kiko mbali. Hata katika nyumba za ibada zilizofunguliwa Julai hiyo ya 2020, wenye zaidi ya miaka 58 waliambiwa wabaki nyumbani. Ikiwa ibada ya muda wa saa moja tu ilionekana hatari kwao, sembuse wiki nzima ya kulala nao chini ya paa moja?

Ugumu ni kwamba unaweza kuwaambukiza ukiwa huna hata mafua. Dalili hujitokeza kwa kawaida siku ya tano hivi, wakati mwingine hadi siku ya 14, na mtu huanza kuambukiza siku mbili hivi kabla hajahisi chochote. Wengine hawahisi kitu kabisa. Ndiyo maana kipimo kilichosema leo huna virusi hakikuhakikishii Ijumaa.

Ukilazimika kwenda, kaa mbali na mikusanyiko wiki mbili kabla ya safari, kadiri kazi inavyokuruhusu. Ukifika, salimu bila kushikana mikono. Mama ataona umekuwa mgeni. Mweleze kwa simu mapema ili asivunjike moyo. Ongeeni nje, chini ya mti au barazani, kwa sababu hewa ya wazi hutawanya matone yanayotoka mdomoni. Ndani vaa barakoa, lala chumba chako na pakua chakula kwenye sahani yako. Ukiona homa, kikohozi au ukipoteza uwezo wa kunusa, jitenge na upige simu 719, namba ya Wizara ya Afya.

Kwenye matatu nifanye nini?

Kwa kanuni za wakati huo, gari la abiria 14 lilipaswa kubeba 8. Likijazwa zaidi, shuka, au usipande kabisa. Fungua dirisha hata kama kuna baridi ya Julai, na barakoa ifunike pua pia. Wengi huiteremsha kidevuni wanapopokea simu, na hapo ndipo mate hurushwa zaidi.

Nimepimwa joto mlangoni, niko sawa. Si inatosha?

Haitoshi. Kifaa kile hugundua homa tu, na wengi wenye virusi hawana homa. Hata ukiruhusiwa kuingia, endelea kukaa umbali wa mita moja na nusu na kunawa mikono kwa sabuni.

Mama aliacha kliniki ya kisukari kwa kuogopa korona. Aendelee kungoja?

Asingoje. Hofu hii inanisikitisha sana, maana sukari na presha zisizotibiwa zinaua, na pia humfanya mtu alemewe zaidi akipata korona. Piga simu kituoni uulize saa zenye watu wachache, na uombe dawa za miezi kadhaa kwa pamoja. Watoto nao wasisahauliwe: chanjo ya surua hutolewa wakiwa na miezi 9 na miezi 18, na aliyepitwa na tarehe yake apelekwe wiki hii.