Kodi ya malazi ya kaunti Marekani: jimbo hutoa ruhusa, mgeni hulipa

Ukilala hotelini Seattle au Orlando, bili ya asubuhi huwa na mistari kadhaa chini ya bei ya chumba. Mmojawapo ni kodi ya malazi, yaani asilimia fulani ya bei ya chumba anayotozwa mgeni wa muda mfupi. Mwenye hoteli huikusanya na kuiwasilisha serikalini. Kila jimbo lina kipimo chake cha muda mfupi: jimbo la Washington, uliko mji wa Seattle, ni chini ya mwezi mmoja mfululizo, Florida ni miezi sita kushuka chini. Ukipita hapo unahesabiwa mpangaji, na kodi hii haikuhusu tena.

Kaunti ndiyo inayotoza, lakini haiwezi kujiamulia. Katiba ya Marekani haizitaji kaunti kabisa. Zimeundwa na majimbo. Mwaka 1868 Jaji John Dillon wa Iowa aliamua kwamba serikali za mitaa zina mamlaka yale tu ziliyopewa na jimbo, na majimbo mengi bado yanakwenda hivyo, ingawa mengine yamelegeza kamba. Kwa hiyo kabla kaunti haijatoza hata senti moja, lazima bunge la jimbo lipitishe sheria inayosema kiwango kisizidi kiasi gani na fedha ziende wapi. Msomaji wa Kenya hatashangaa: Kifungu cha 209 cha Katiba ya 2010 kinazipa kaunti kodi ya ardhi na majengo pamoja na ile ya burudani, na nyingine yoyote iwapo tu Bunge litaiidhinisha.

Ohio inaonyesha mambo yanavyoweza kuchanganyikana. Kanuni ya jumla huko ni nyepesi: kaunti inaweza kutoza hadi asilimia 3, sehemu irudi kwa miji iliyo ndani yake na inayobaki iende kwenye ofisi ya kutangaza utalii. Tatizo ni kwamba kila kaunti yenye mradi wake huenda bungeni kuomba iongezewe, na sheria imejaa aya zinazoelezea kaunti kwa idadi ya wakazi bila kuitaja jina. Anayeijua ramani ya Ohio haoni siri yoyote hapo.

Kisa kinachofundisha zaidi, kwa maoni yangu, ni cha Seattle. Mwaka 1967 bunge la Washington liliruhusu Kaunti ya King, ulipo mji huo, kutoza asilimia 2 ya bei ya chumba ili kujenga uwanja wa michezo. Mgeni hakuongezewa mzigo, kwa sababu asilimia hizo hukatwa kutoka kwenye kodi ya mauzo ya jimbo lenyewe. Aliyejinyima ni jimbo. Mwaka uliofuata wapiga kura waliidhinisha mkopo wa dola milioni 40, na uwanja wa Kingdome ukafunguliwa mwaka 1976. Mwaka 1994 vigae vya dari vilianguka, matengenezo yakahitaji mikopo mingine. Tarehe 26 Machi 2000 Kingdome ililipuliwa kwa baruti kupisha uwanja mpya. Deni halikulipuka nalo. Kodi ya vyumba vya hoteli iliendelea kulilipa hadi 2015, miaka 15 baada ya uwanja kuwa vumbi.

Jimbo lilikuwa limeshaliona hilo. Sheria ya 2011 iliamua kwamba kuanzia 2021 angalau asilimia 37.5 ya fedha hizo ziende kwenye sanaa na utamaduni, angalau asilimia 37.5 kwenye nyumba za bei nafuu na huduma kwa vijana wasio na makazi, na kinachobaki kiende kwenye utalii. Ugomvi haukuisha kwa hilo: mwaka 2018 baraza la kaunti liligawanyika kura 5 kwa 4 lilipotenga dola milioni 135 za kodi hiyo kwa ajili ya uwanja wa besiboli.

Florida nayo ilipitisha sheria yake mwaka 1977, na kodi haianzi mpaka wakazi waipigie kura. Hapo ndipo penye utamu kwa wanasiasa: anayepiga kura si anayelipa. Kaunti ya Orange, nyumbani kwa Disney World, hutoza asilimia 6, na ukijumlisha kodi ya mauzo mgeni analipa 12.5. Sheria inaelekeza fedha hizo kwenye mambo ya utalii, kama ukumbi wa mikutano, viwanja na matangazo. Lengo ni kwamba fedha za mgeni zimlete mgeni mwingine. Lakini anayetandika vitanda vya hoteli hizo anahitaji basi la kumfikisha kazini na nyumba anayoimudu, na kwangu hilo ni jambo la utalii kama tangazo lolote la televisheni.

Hawaii ilikuwa na mpango tofauti. Jimbo lilitoza kodi lenyewe tangu miaka ya 1980, kisha likazigawia kaunti zake nne fungu la dola milioni 103 kwa mwaka. Mwaka 2021 bunge lilifuta mgao huo na badala yake kuziruhusu kaunti zitoze zenyewe hadi asilimia 3. Gavana alipinga, bunge likaipitisha kwa kura juu ya pingamizi lake, na kabla mwaka haujaisha kaunti zote nne zilikuwa zimechukua kiwango cha juu kabisa.