Je, wajua kwa nini Prado lina kioo kidogo juu ya madigadi ya kushoto?

Ukipita kwenye bondi za magari (yadi za magari yaliyoagizwa kutoka nje) pale Nakawa, Kampala, tafuta Prado au Harrier la miaka ya nyuma kidogo lililoshushwa kutoka Japani. Juu ya madigadi ya mbele, upande wa kushoto, mara nyingi utakuta kitu cheusi kimesimama kama uyoga. Upande wa kulia hakuna. Keti kwenye kiti cha dereva na utagundua kwamba uyoga huo una kioo tumboni, kioo kisichozidi kiganja.

Niliponunua gari langu fundi wa rangi alikigonga kile kioo kwa kidole, akacheka. "Bosi, hiki tukitoe. Kinaharibu sura. Naziba tundu, napiga rangi, hutajua kilikuwepo." Nikamwuliza ni cha kazi gani. Akafikiri kidogo. "Pambo tu. Wajapani wanapenda vitu vingi." Nusura nimkubalie.

Si pambo. Kiliwekwa kwa ajili ya mtoto.

Dereva wa gari refu ameketi juu, na boneti yenyewe iko juu. Kulia kwake akichungulia dirishani anaona mpaka chini. Kushoto mambo ni tofauti: kuna kiti cha abiria, mlango, halafu bega zima la boneti. Mtoto aliyesimama karibu na tairi la mbele la kushoto haonekani kabisa, wala saidi mira haimpati, kwa sababu saidi mira inatazama nyuma na mtoto yuko mbele yake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali ya Japani ikaweka kanuni kwa ajili ya eneo hilo. Kipimo chake ni nguzo ya duara yenye kimo cha mita 1 na upana wa sentimita 30, yaani umbo la mtoto wa miaka 6 hivi. Nguzo ikisimamishwa karibu kabisa na gari, mbele au ubavuni kushoto, dereva aliyekaa kitini lazima aweze kuiona: kwa macho yake, kwa kioo, au kwa kamera. Gari fupi lenye boneti iliyoinama hufaulu kwa macho tu, ndiyo maana Vitz au Premio hulioni na uyoga. Magari marefu hushindwa, basi yakapewa kioo. Vingine vina nyuso mbili, mmoja ukitazama mbele ya bampa na mwingine ukitazama ubavu.

Bahati yetu ni kwamba Uganda inaendesha kushoto kama Japani, kwa hiyo kioo hicho kinafanya hapa kazi ileile kiliyotengenezewa: kinaangalia ukingo wa barabara, wanakopita wanafunzi na wauza ndizi. Ukivuka mpaka wa Katuna kuingia Rwanda unahamia kulia, na kioo kinabaki kutazama katikati ya lami, mahali ambapo mtoto hatarajiwi.

Kinawezaje kuona eneo kubwa kikiwa kidogo vile? Chukua kijiko cha supu ukigeuze mgongo. Utauona uso wako, na nyuma yako chumba kizima, mlango na dirisha. Kioo kilichotuna hukusanya miale kutoka pembe pana na kuibana mahali padogo. Gharama yake ni kwamba kila kitu kinaonekana kidogo, na kitu kidogo ubongo hukidhani kiko mbali. Saidi mira nazo nyingi zimetuna kiasi, ndiyo sababu magari yaliyotengenezwa kwa soko la Marekani huandikwa onyo kwenye kioo cha upande wa abiria kwamba vitu viko karibu kuliko vinavyoonekana. Bodaboda unayemwona mbali kwenye kioo cha kushoto pale Wandegeya, huenda tayari goti lake linagusa mlango wako.

Noah na Hiace, zikiwemo zile za umbo jipya ambazo Kampala huziita droni, nyingi zina ndugu wa kioo hiki huko nyuma. Kinaning'inia juu ya mlango wa buti, kikitazama chini kwenye bampa. Dereva hukisoma kupitia kioo cha ndani: kioo ndani ya kioo. Madereva wengi wa teksi (daladala za Kampala) wamekibandikia stika, na taniboi ndiye anayepiga bodi kofi kuwaambia pamebaki kiasi gani.

Cha kushangaza, vioo juu ya madigadi si jambo geni Japani. Hadi 1983 sheria yao ililazimisha saidi mira zote zikae huko mbele, wala si mlangoni. Mwaka huo ndipo vioo vya mlangoni vikaruhusiwa, na mwaka uliofuata, 1984, Nissan ikatoa Laurel yenye vioo vinavyojikunja kwa umeme. Haraka ya nini? Kioo cha mlangoni huchomoza nje ya gari, na maegesho ya miji ya Japani ni ya kubana kweli. Huko, sehemu nyingi, huwezi kusajili gari kabla ya kuonyesha ushahidi kwamba una pa kuliegesha. Sisi swichi hiyo ya kukunja vioo tumeipatia kazi yetu. Kwenye foleni ya Jinja Road ukiona dereva amekunja vioo ilhali gari linatembea, ujue ameshachoka kugongwa na bodaboda. (Wengine wanaogopa wezi, ndiyo maana utaona namba ya gari imechorwa juu ya kioo chenyewe.)

Sasa kuna kitu ambacho wenye magari wengi wanacho na hawajui. Kwenye baadhi ya Toyota, ukiingiza rivasi, saidi mira huinama yenyewe na kukuonyesha tairi la nyuma. Mtu hununua gari, haoni kioo kikiinama, anadhani hakina uwezo huo. Sharti ni kwamba kile kitufe cha kuchagua kioo cha kurekebisha kiwe kimeelekezwa L au R. Kikiachwa katikati, vioo havisogei. Jaribu leo ukiwa umesimama: weka L, kanyaga breki, ingiza rivasi, tazama kushoto. Kama kioo kimeinama, umepata kifaa bure.

Kwa Kampala, nakithamini kifaa hicho kuliko sensa za bampa. Namaanisha vile vidude vinne vya mviringo huko nyuma (si sensa ya kuhesabu watu). Kila kimoja hutoa sauti ya mitetemo kama 40,000 kwa sekunde, juu mno kwa sikio la binadamu, kisha husikiliza mwangwi. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde, kwa hiyo mwangwi wa ukuta ulio mita 1 nyuma hurudi kabla hata sehemu moja ya mia ya sekunde haijaisha. Kompyuta hupima muda huo na kukupigia pii, pii, piiiii. Ni ujanja wa popo wadogo wanaokula wadudu. Wale popo wakubwa ambao bonde la Bat Valley jijini Kampala lilipata jina kutokana nao hawamo. Hao hula matunda na hutegemea macho na pua.

Lakini sensa inahitaji kitu cha kurudisha sauti. Ukuta hurudisha, bampa la jirani hurudisha. Mtaro haurudishi kitu. Na barabara ngapi za mitaa yetu hazina mtaro wa zege pembeni, wazi, wenye kina cha kumeza tairi zima? Sensa itanyamaza kimya, nawe utadhani mambo ni salama, mpaka usikie ule mlio wa chuma kukaa juu ya saruji. Matope yakiziba kidude, nako ni hasara nyingine: ama kinapiga kelele bila sababu, ama kimekufa. Kioo kilichoinama, kwa upande wake, kinakuonyesha ukingo wa mtaro na tairi lako kwa pamoja.

Kamera je? Ni nzuri, tena tangu 2018 Uganda hairuhusu kuingiza gari lililofikisha miaka 15, kwa hiyo magari yanayokuja sasa mengi yana kamera, na mengine yamepoteza uyoga kabisa. Jicho lake limehamia chini ya saidi mira ya kushoto, picha inatokea kwenye skrini. Tatizo ni hiyo skrini. Betri ikichomolewa mara moja tu, redio nyingi za Kijapani hudai kadi ya ramani, kwa Kijapani, na hazifunguki. Mwenye gari anaing'oa na kufunga redio mpya, waya wa kamera ya kushoto unabaki ukining'inia nyuma ya dashibodi, na kuanzia siku hiyo lile eneo la nguzo ya mita 1 halina kioo wala kamera.

Fundi wangu sikumruhusu. Uyoga bado upo, umepauka kwa jua, na una mkwaruzo wa tawi la mwembe. Juzi asubuhi niliwasha gari nyumbani, nikakitupia jicho kile kioo kabla ya kutoa breki. Ndani yake kulikuwa na ndara moja ya plastiki, nyekundu, karibu na tairi. Nikazima injini, nikashuka kumtafuta mwenye ndara.