"Tuyamalize Hapa Shuleni": Tunayoyaamini Kuhusu Usalama wa Watoto, na Yasemwayo na Sheria ya Kenya

Karibu kila mkutano wa wazazi niliohudhuria, kuna mtu aliyesimama na kutetea jambo ambalo sheria ilishalikataa zamani, na ukumbi ukampigia makofi. Wengi wetu hatuna nia mbaya. Tumerithi maneno tu, na mtoto ndiye anayeumia.

Linalosikika zaidi ni kwamba mzazi akikubali, mwalimu anaruhusiwa kumchapa mtoto. Haruhusiwi. Kiboko kilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, kisha Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kikamkinga kila mtoto dhidi ya ukatili na adhabu za kinyama. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, sehemu ya 36, inakataza mateso ya mwili na ya akili kwa mwanafunzi. Anayeivunja anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, kufungwa kwa muda usiozidi miezi 6, au yote mawili. Sahihi ya mzazi haibadilishi chochote, kwa kuwa haki hiyo ni ya mtoto.

Kisha husemwa kuhusu mwanafunzi aliyefanya ngono na mtu mzima: "Huyo ana miaka 17, na alitaka mwenyewe." Mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18, na ridhaa yake haimwokoi aliyemnajisi, yaani aliyefanya naye ngono. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inaweka kifungo cha maisha mtoto akiwa na miaka 11 au chini. Miaka isiyopungua 20 akiwa na 12 hadi 15. Na isiyopungua 15 akiwa na 16 au 17. Sehemu ya 24 inawataja walimu wakuu, walimu na wafanyakazi wa shule wanaotumia nafasi zao kuwashawishi wanafunzi kufanya nao ngono. Wafanyakazi, yaani hata mpishi na bawabu, watu ambao mara nyingi hatuwafikirii kabisa.

Sasa lile linaloniuma kuliko yote: "Familia zikae, zielewane." Mbuzi analetwa, au bahasha, wazee wanashuhudia, na kesho yake msichana anarudi darasani kukaa mbele ya mtu yuleyule. Unajisi ni kosa la jinai. Si deni kati ya baba wawili. Hakuna mzazi, chifu wala bodi ya shule yenye mamlaka ya kuifunga kesi ya aina hiyo. Uamuzi wa kuisimamisha uko kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Na mwalimu anayejua, au mwenye sababu ya kushuku, hana ruhusa ya kunyamaza. Waraka wa Tume ya Huduma kwa Walimu, TSC, inayowaajiri walimu wa shule za umma, nambari 3 wa 2010 unamtaka aripoti ndani ya saa 24.

Wapo wanaoridhika mwalimu akihamishwa. Lakini uhamisho unampeleka tu kwa watoto wengine wasiomjua. Mwezi Mei 2015 Mahakama Kuu, mbele ya Jaji Mumbi Ngugi, iliamua kesi ya wasichana wawili waliodhulumiwa na mwalimu wao, na haikuishia kwa mwalimu. TSC na Serikali nazo ziliwajibishwa, na wasichana wakapewa fidia. Tangu hapo mwajiri hawezi kusema hayo yalikuwa ya mwalimu binafsi.

Kuhusu mwanafunzi mwenye mimba, kwa ufupi: hafukuzwi. Mwongozo wa kitaifa wa 2020 unampa nafasi ya kurudi masomoni baada ya kujifungua.

La mwisho ni "usiripoti kama huna ushahidi." Kutafuta ushahidi ni kazi ya polisi na daktari. Yako ni kusema ulichokiona au alichokuambia mtoto. Ikiwa amenajisiwa, mpeleke hospitalini kwanza, kabla ya kuoga, na nguo alizovaa zisifuliwe. Zitie ndani ya mfuko wa karatasi, si wa plastiki. Dawa za kumkinga na virusi vya UKIMWI hufaa zikianzishwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nafasi hiyo. Polisi watatoa fomu ya P3, ambayo daktari huijaza kuhusu majeraha ya mtoto. Na ukiwa peke yako usiku, hujui uanzie wapi, piga 116, simu ya msaada kwa watoto. Hailipishwi, na hupokelewa saa zote.