Upinzani wa Mfalme si watu wanaompinga Mfalme

Nimelisoma kosa hili mara nyingi, na juzi nikalisikia tena kwenye taarifa ya habari: kiongozi wa Upinzani wa Mfalme huko Uingereza alitambulishwa kama mkuu wa wanaotaka ufalme ufutwe. Sivyo. Upinzani wa Mfalme ni chama kikubwa kuliko vyote vilivyo nje ya serikali katika Bunge la London. Akitawala malkia, huitwa Upinzani wa Malkia. Wanampinga Waziri Mkuu na mawaziri wake. Kwa mfalme wanakula kiapo kilekile wanachokula mawaziri.

Enzi za George III, aliyetawala 1760 hadi 1820, mstari huo haukuwa umechorwa. Mfalme aliwachagua na kuwaondoa mawaziri kwa utashi wake, na anayewapinga alihesabiwa kuwa kampinga yeye. Makoloni ya Marekani yalipoasi, Charles James Fox, mwanasiasa wa kundi la Whig, alisimama bungeni akisema vita ile ni kosa, tena akivaa buluu na manjano iliyopauka, rangi za jeshi la George Washington. Uingereza iliposhindwa Yorktown, Marekani, na Waziri Mkuu Lord North akaanguka Machi 1782, mfalme aliandika rasimu ya kuachia kiti, kwa jinsi alivyochukia kuwapokea Fox na wenzake serikalini. Hakuituma.

Mwaka uliofuata Fox aliungana na North yuleyule, wakaingia madarakani wakaleta muswada wa kuidhibiti Kampuni ya India Mashariki, kampuni ya biashara ya Waingereza iliyotawala sehemu za India. Baraza la wabunge wa kuchaguliwa likaupitisha. Ulipofika Baraza la Malodi, yaani baraza la juu la Bunge, George alimpa Lord Temple karatasi ya kuwaonyesha wenzake: atakayeuunga mkono kwa kura si kwamba hatakuwa rafiki wa mfalme tu, bali atahesabiwa adui yake. Desemba 17, 1783 muswada ukaangushwa. Siku mbili baadaye William Pitt, kijana wa miaka 24, akawa Waziri Mkuu.

Neno adui ndilo la kuangalia hapo. Muswada wa serikali uligeuzwa kuwa kipimo cha utii kwa mtu mmoja. Mwaka 1826, chini ya George IV, mtoto wa mfalme huyo, mbunge wa upinzani John Cam Hobhouse alisema kwa mzaha kwamba kama kuna Mawaziri wa Mfalme, basi kuna na Upinzani wa Mfalme. George Tierney, mkongwe wa upande huohuo, akalishika kwa dhati, na jina likabaki. Tangu 1937 kiongozi wao analipwa mshahara kwa mujibu wa sheria, ulioanza na pauni 2,000 kwa mwaka. Yaani hazina ya serikali inamlipa mtu ambaye kazi yake ni kuihoji serikali hiyohiyo.

Na kazi hiyo imewahi kutugusa huku kwetu. Machi 1959, wafungwa 11 wa kambi ya Hola, Kenya, walipigwa hadi kufa. Taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni ilidai walifariki baada ya kunywa maji. Barbara Castle na wenzake wa chama cha Labour, wakati huo Upinzani wa Malkia, waliing'ang'ania habari hiyo bungeni hadi usiku wa Julai 27, na hata Enoch Powell wa chama tawala akainuka kuilaumu serikali yake. Hakuna aliyemwita Castle wala Powell msaliti wa Malkia.

Kwa hiyo, ndugu watangazaji na wafasiri, naomba tuseme Upinzani Rasmi, kama Bunge la Tanzania lilivyokuwa likisema Kambi Rasmi ya Upinzani, na msikilizaji atatuelewa mara moja. Wanaotaka ufalme uondolewe wapo Uingereza pia, lakini hao ni wanajamhuri.